Mfarishi Uliopita Dirishani

Vijana wangu mnaojifunza kushona, shikamoo zenu zimenifika, marahaba. Sasa acheni kulalamika. Kila anayepita hapa kwangu Isingiro kunisalimia ananiimbia wimbo uleule: "Babu Deo, cherehani ninayo, kazi naipenda, ila nyumbani hakuna nafasi." Juzi kuna binti aliniambia hivyo huku amejinyoosha kwenye kochi linalotosha kukalisha mafundi wanne pamoja na mikasi yao. Nikamwambia, mjukuu wangu, nafasi ipo, ila wewe umeilalia.

Mimi nimeshona tangu wazazi wenu hawajaonana. Nimeshona sare za shule, majoho ya kwaya, na suruali za mabwana harusi walionenepa kati ya siku ya kupimwa na siku ya kuoa. Lakini kazi iliyonipa jina ni mifarishi ya viraka. Kwa asiyejua, mfarishi ni kitu cha kutandika kitandani au kujifunika: juu unakuwa na vipande vya vitambaa vilivyounganishwa kwa mpango, katikati blanketi kuukuu, chini shuka zima, halafu vyote vitatu unavishona pamoja visiachane. Gauni unaweza kulishona ukiwa umekaa kwenye kona kama mtu aliyeadhibiwa. Mfarishi unataka uwanja. Ule wa kitanda cha sita kwa sita ukiutandaza sebuleni, mwenye nyumba anatoka nje.

Aliyenifundisha kazi ni marehemu Mzee Anselimi, mtu mfupi mwenye hasira ndefu, aliyekuwa anashonea kwenye baraza la duka la watu. Somo lake la kwanza halikuwa sindano wala uzi. Alinikabidhi kigoda akasema, "Tafuta pa kukaa." Nikakaa. Akanifukuza. Nikakaa pengine, akanifukuza tena, kama kuku aliyeonekana kwenye kahawa iliyoanikwa. Ilipofika mchana akanieleza kwamba nilikuwa naangalia ukubwa wa mahali, wakati fundi anaangalia kwanza mwanga. Kama unatumia mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto, mkono wako usijitilie kivuli. Ukishapata mwanga, ndipo uanze kugombana na watu wa nyumbani juu ya nafasi. Hilo la kugombana hakunifundisha, nilijifunza mwenyewe baada ya kuoa.

Nilipoacha kupanga chumba pale senta na kurudisha cherehani nyumbani, nilianzia jikoni. Msicheke. Jiko letu liko nje, pana, lina mlango wa kuelekea mashariki, na asubuhi jua linaingia mpaka kwenye mafiga. Mke wangu, Mama Asimwe, hakukataa. Alitabasamu tu, na mimi nikadhani nimekubaliwa. Kumbe mwanaume akikaa jikoni anahesabiwa kuwa mtu wa jikoni. "Baba Asimwe, koroga hayo maharage." "Baba Asimwe, geuza hizo ndizi zisishike chini." Nashona kidogo, napuliza moto kidogo. Wanawake waliokuja kuomba moto walinikuta na mwiko, wakatoka bila moto, wakiwa na habari tamu zaidi. Mifarishi ya msimu ule wote ilinukia maharage. Kuna mteja alinirudishia wake akasema haumpi usingizi, unampa njaa.

Nikahamia stoo ya kahawa. Pale palikuwa pakavu, patulivu, na magunia yaliyojaa ni meza nzuri usipoitegemea sana. Tatizo ni kwamba punje za kahawa zinapenda kusafiri. Nilimshonea mzee mmoja wa jirani mfarishi mzito wa kujikinga na baridi ya asubuhi, na bila kujua nikafungia ndani yake punje nyingi za kahawa kavu. Kila akigeuka kitandani mfarishi unalia kama mtu anayetafuna mifupa. Alikuja kuniuliza kwa adabu kabisa kama nimemwekea dawa, maana tangu aanze kujifunika hajapata lepe la usingizi. Nikamwambia ni kahawa. Akasema, "Sasa mbona hukusema? Ningekuwa nanywa maziwa jioni."

Sebuleni nilifukuzwa na makochi. Mama Asimwe alikuwa amenunua seti nzima, akaifunika kwa vitambaa vya kufuma kila mahali penye mgongo, mkono au kichwa cha mtu. Nilipewa upande wa dirishani kwa masharti: pini zisionekane. Nami nikahakikisha hazionekani. Siku mzee wa kanisa alipokuja kututembelea, akakaa, kisha akainuka ghafla mikono juu na kupaza sauti, "Bwana asifiwe!" Sisi wote tukaitikia, "Amina!" kwa nguvu, tukidhani maombi yameanza. Alituombea akiwa amesimama, na chai akanywa akiwa amesimama. Jioni ile cherehani ilikuwa nje.

Haya niliyowasimulia ni makosa madogo. Kosa langu kubwa lilikuwa na miguu sita na lilitengenezwa kwa mbao za mgrevilea.

Nilikuwa nimebakiwa na chumba cha wageni. Kilikuwa kina kitanda kimoja, dirisha moja la mbao lisilo na nondo linalofunguka barazani, na wageni kwa mwaka labda mara moja. Nikasema hiki ndicho. Nikanunua mbao, nikachukua misumari na nyundo, nikajenga meza humohumo ndani, pana, kimo chake sawa na kizingiti cha dirisha, miguu sita ili isitikisike. Chini yake nikapanga mifuko ya viraka: vyekundu peke yake, vya bluu peke yake, vyenye maua peke yake. Hilo ni la kuiga, vijana. Fundi asiyepanga viraka kwa rangi anatumia nusu ya maisha yake kichwa kikiwa ndani ya gunia. Pasi niliitundika nyuma ya mlango, kanda ya kupimia nikaipigilia kwenye ukingo wa meza moja kwa moja isiibwe na watoto. Kilikuwa chumba cha raha. Nilipotaka kutoa meza nje niifute kwa sabuni, ndipo nilipogundua kuwa mlango hauijui. Tuliigeuza ubavu, tukaisimamisha wima, tukaijaribu kwa miguu kwanza, kwa kichwa kwanza, kama watu wanaomtoa ng'ombe aliyeingia kanisani. Mama Asimwe akaniuliza nilipima nini na ile kanda. Nikasema nilipima meza. Akasema, "Na mlango ulimwachia nani?"

Nikaona haina neno, meza ikae humo mpaka nizeeke.

Basi ndipo akaja Shangazi Paskazia wa Kamuli. Huyu ni mama mwenye sauti, mwenye shamba zuri la migomba, na mpwa wake wa pekee alikuwa anaolewa. Mnajua kwetu shangazi ndiye anayemwandaa bibi harusi, na vitu vinavyopelekwa naye vinaonekana na wote siku ya kumuaga. Shangazi Paskazia alitaka mfarishi. Si mfarishi tu. "Fundi, uzidi kitanda," alisema. "Uguse chini pande zote. Watu wa upande wa mume wakiuona wakose la kusema." Kisha akaongeza kitu kilichonitoa jasho: alikuwa ameshawatangazia. Wote Kamuli walikuwa wanajua kwamba binti anakwenda na mfarishi wa Fundi Deo, na binti mwenyewe alikuwa amechagua rangi. Ukichelewa, ataingia kwa watu na kitanda kitupu, na jina litakaloimbwa ni langu.

Nikaunganisha viraka, nikautandaza mezani, nikaupiga bandi, yaani ile mishono mirefu ya kushikilia kwa muda, kutoka katikati kwenda pembeni. Daima anzeni katikati. Ukianzia pembeni, makunyanzi yote yanakimbilia katikati na kukusubiri huko. Ilikuwa wiki ya mwisho kabla ya kuaga, iliyobaki ni kushona kwa mashine na kumaliza pindo. Nilikuwa napiga mluzi.

Asubuhi ya Jumatatu simu ikalia. Mama mkwe wangu ameteleza shambani kwake kule Igurwa, amevunjika mguu.

Hapa lazima niwaeleze wale ambao hawajaoa. Kwetu, mama mkwe ni heshima inayotembea. Hamshikani mikono, hamkai kiti kimoja, mkikutana njiani mmoja anapisha kwenye migomba. Maneno yakihitajika yanapita kwa mtu wa tatu. Jina lake hata hapa sitaliandika, si kwa siri, ni kwamba mkono wangu unakataa. Na kuhusu chumba anacholala, hicho mkwe hakanyagi, hata nyumba ikiwaka.

Hospitali ikamfunga plasta kuanzia mguuni hadi juu ya goti, wakasema asisafiri mbali. Nyumba ya karibu ni yangu. Chumba cha wageni ni kimoja. Mnajua kulikuwa na nini ndani.

Nilirudi kutoka kutafuta uzi nikakuta mlango umefungwa, na nyuma yake sauti za wanawake zikimpa pole. Mama Asimwe alikuwa ametoa cherehani kwa msaada wa majirani, akaiweka barazani. Nikamuuliza kwa kunong'ona, "Na meza?"

"Meza iko ndani. Unajua haitoki."

"Mfarishi?"

"Uko mezani. Mama ameweka juu yake chupa ya chai na dawa zake."

Nikasema nitaita mtu aibomoe meza. Mke wangu akanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. "Hakuna mtu atakayepiga nyundo karibu na mguu wa mama yangu. Mfarishi nitakutolea, meza sahau."

Akanitolea. Jumanne nzima nilishona barazani peke yangu, na ilikuwa fedheha. Mfarishi ukiwa na blanketi ndani una uzito wa mtu aliyelewa: unauinua huku, unaanguka kule. Ukining'inia unaivuta sindano, na sindano ikivutwa inavunjika. Nilivunja sindano mpaka nikaanza kuzionea huruma. Upepo ukaleta vumbi. Mbuzi akaleta mdomo. Kila kilichoshonwa kilipinda kama njia ya kwenda kisimani. Na kila mara sindano ilipokatika, nilikuwa nasema maneno ambayo mkwe hapaswi kuyasema chini ya dirisha la mama mkwe.

Jumatano asubuhi Mama Asimwe akatoka chumbani, uso mkavu. "Mama anasema amesikia."

Nikataka ardhi inimeze. "Amesikia yapi?"

"Yote. Anasema pia kwamba meza yako inamkalia bure. Anauliza, dirisha si liko wazi? Kwa nini nguo isipite dirishani?"

Nilisimama pale nikiangalia lile dirisha. Kizingiti na meza vilikuwa kimo kimoja, mimi mwenyewe ndiye niliyepima. Ni kipimo pekee nilichokipata sawa katika chumba kile, tena kwa bahati. Tulisogeza cherehani ukutani, ubavu wake wa kushoto ukiwa dirishani. Mama Asimwe akatundika kitenge katika dirisha, akaacha upenyo wa chini wa kupita kitambaa. Mimi nikakaa nje, bega la kushoto likigusa ukuta, nikaukunja upande wa kulia wa mfarishi kama mkeka ili upite chini ya shingo ya mashine. Sehemu nyingine yote ikaingia chini ya kitenge na kulala mezani, na mama mkwe, ambaye kitanda chake kilikuwa kimegusa meza, akaushika. Nikakanyaga. Vijana, ule mfarishi ulitembea! Haukuvuta, haukuning'inia. Kila nilipohitaji kidogo, kilikuja kidogo. Nilikuwa sioni mikono iliyokuwa inanilisha, lakini ilikuwa mikono inayojua.

Tatizo likawa mazungumzo. Mama Asimwe alisimama mlangoni mwa chumba, akipeleka na kurudisha.

"Mama anasema unaenda mbio."

"Mwambie nitapunguza."

"Anasema atapunguza."

"Mwambie nimesikia," ilisema sauti ndani.

"Anasema amesikia."

"Na mimi nimesikia," nilisema.

Mama Asimwe akaweka mikono kiunoni. "Nyinyi wawili mnasikiana vizuri kabisa. Mimi ni redio?" Akachukua kikapu chake akaenda gulioni.

Tukabaki wawili. Cherehani ikasimama, maana nilikuwa nimefika kwenye kona na sikuweza kugeuza bila ndani kulegeza. Kuku alipita, akatuangalia, akaondoka. Nilikohoa. Naye ndani akakohoa. Halafu nikasikia, taratibu, kwa adabu zote: "Wewe cherehani. Mwambie huyo bwana kitambaa cha chini kimejikunja."

Nikainama, nikatazama. Kweli shuka la chini lilikuwa limejikunja. Sasa ningejibuje? Nikasafisha koo. "Wewe meza. Mwambie mama ahsante sana, nimeona. Na kama hatojali, alegeze kidogo."

"Cherehani, mwambie nimelegeza."

"Meza, mwambie mama Mungu ambariki."

Tukaendelea hivyo mpaka tukanogewa. Cherehani iliulizwa kwa nini rangi nyekundu imewekwa karibu na nyekundu. Meza ikaeleza kwamba ni mpango wa bibi harusi. Cherehani ikaambiwa bibi harusi hana macho. Meza ikasema hilo aambiwe Shangazi Paskazia. Mchana tulikuwa tunagombana kabisa, kwa heshima kubwa, kupitia samani.

Waliopita barabarani, wakati huo, walikuwa wanamwona Fundi Deo akiwa peke yake barazani, amegeukia ukutani, akiisihi meza isiyoonekana. Habari ilifika Kamuli kabla ya jua kuzama.

Alhamisi Shangazi Paskazia akashuka kwenye bodaboda akiwa amefunga kilemba cha vita. Alinikuta nikisema, "Meza, mwambie asivute, atanikata kidole." Akasimama. Akaniangalia kwa huruma, kisha kwa hofu, kisha akauona mfarishi wake nusu yake iko chini ya mashine na nusu imemezwa na ukuta.

"Fundi," alisema polepole, kama anavyoongea mtu na mbwa asiyemjua, "unajisikiaje?"

"Salama tu, Shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Naona umechoka. Nitauchukua hivyohivyo, kuna fundi mwingine mjini atamalizia."

Ule mfarishi ukiondoka vile, na mishono yangu ya Jumanne ingali imepinda sijaifumua, jina langu lingeonyeshwa kwa ukoo mzima wa mume. Nikamwomba anisubiri hadi Jumamosi asubuhi. Akasema Jumamosi asubuhi binti yake hataagwa na kichaa. Akaushika mfarishi kwa mikono miwili, akavuta.

Mfarishi haukuja.

Akavuta tena. Mfarishi ukarudi ndani. Akakaza miguu kama mtu anayeng'oa mhogo. Nami nikanyanyua haraka mguu wa mashine, nikaichomoa sindano, nikabaki nimeinua mikono, maana upande mmoja ni mteja, upande wa pili ni mama mkwe. Dirisha likamshinda nguvu Shangazi kidogo, Shangazi akalishinda kidogo. Hapo sauti ikatoka nyuma ya kitenge, nzito, ya mtu aliyelala na hasira ya mguu:

"Waitu, jamani! Nani anavuta kazi yangu?"

Shangazi Paskazia hakujua kama kuna mtu ndani. Aliachia. Akaenda kinyumenyume hatua kadhaa asizozipanga, akakaa katikati ya turubai la kahawa iliyoanikwa, na kahawa ikaruka pande zote. "Yesu na Maria," alisema, "nyumba inaongea."

Nikakimbia kumwinua. Nilimweleza yote pale chini, mguu, plasta, meza, mlango. Aliposikia ni mama mkwe, akajipangusa, akakaribia dirisha na kupiga magoti kidogo kusalimia kitenge. Wakasalimiana kwa muda mrefu, kwa Kinyambo, wakaulizana habari za migomba na mvua na wafu wao. Kumbe Shangazi Paskazia na mama mkwe wangu waliwahi kusali parokia moja wakiwa wasichana. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni kama mwiko uliosahaulika. Mwisho mama mkwe akasema kwa sauti kubwa, nadhani ili nami nisikie, "Jumamosi asubuhi uje. Utaukuta umekwisha. Nimesema mimi."

Shangazi akaondoka ametulia. Mimi ndiye niliyebaki na mzigo. Mwanzoni lilikuwa jina langu peke yangu. Sasa mama mkwe amelitoa neno lake mbele ya mtu, na neno hilo limekaa chini ya sindano yangu. Nikishindwa, nitamwangalia vipi? Ni kweli hatuangaliani, lakini mnanielewa.

Ijumaa tulifumua mishono ya Jumanne, mimi nje na wembe, yeye ndani na wembe. Tukashona upya. Ikabaki pindo la kuzunguka. Pande tatu niliziweza kwa mashine. Upande wa nne ndio ulikuwa mezani ndani kabisa, na mfarishi ulikuwa umeshakuwa mzito hautaki kugeuzwa dirishani bila kukwaruzwa. Nilikaa nimeshika kichwa. Nilikuwa naogopa, nawaambia ukweli, na mikono ilikuwa na malengelenge.

"Cherehani," sauti ikasema, "muulize kama ana sindano ya mkono na uzi mweupe."

Nikavipitisha chini ya kitenge. Sikusikia kitu tena mpaka jioni, isipokuwa uzi ukipita kwenye kitambaa na mara moja moja mtu akiulaumu mguu wake.

Jumamosi Shangazi Paskazia alikuja mapema akiwa na bibi harusi mwenyewe na gari la kukodi. Tuliutoa mfarishi kwa kuuvuta taratibu kupitia dirishani, ukawa unatoka tu, unatoka tu, mpaka binti akaanza kucheka. Tukautandaza juu ya makochi ya Mama Asimwe, ambaye kwa siku hiyo alituruhusu. Binti alizunguka upande wa kwanza, wa pili, wa tatu. Alipofika wa nne akapiga magoti, akapitisha kidole juu ya mishono. Ilikuwa midogo, imefuatana, imelala sawasawa kama mbegu zilizopandwa kwa kamba. Mashine yangu haijawahi kushona hivyo hata ilipokuwa mpya.

"Huu upande ameshona nani?" akauliza.

Watu wote wakanigeukia. Jina siwezi kulitaja. Kusema ni mimi singeweza, midomo ingekauka. Mlango wa chumba cha wageni ulikuwa umefungwa, na nilijua nyuma yake kuna mtu ameacha kupumua.

"Ni fundi mwenzangu," nikasema.

Shangazi akatikisa kichwa, akatoa kanga yake, akaufunga mfarishi kama mtoto. Wakaondoka na vigelegele. Jioni tulisikia kwamba watu wa upande wa mume walikosa la kusema, isipokuwa mmoja, aliyeuliza kwa nini unanukia dawa ya kuchua.

Plasta ilipotolewa mama mkwe akarudi kwake Igurwa. Nikapata chumba changu chote, meza yangu yote, dirisha langu lote. Nikarudisha cherehani ndani. Nafasi tele, hata ya kunyoosha miguu. Nikaweka mfarishi mpya, nikaanza, ukaanguka upande wa pili. Nikauinua, ukaanguka upande huu. Nikalegeza mwenyewe, nikavuta mwenyewe. Palikuwa kimya, na kazi haikuwa na ladha. Nilivumilia kwa muda, kisha nikamwambia Mama Asimwe, kwa sauti ya mtu asiye na haja, ampigie mama yake simu amuulize mguu unaendeleaje, na kama kule anapata watu wa kumsaidia, maana hapa pana nafasi.

Akapiga, akaweka sauti kubwa, akauliza kama nilivyomtuma.

"Mguu umepona," mama mkwe akajibu. "Jumatatu nakuja. Mwambie asiweke kitu upande wangu wa meza."